Kromu ya nyuma ya Premio: namna ninavyoipaka nyeusi nyumbani

Ule utepe mpana wa kromu wa Toyota Premio, unaokaa juu ya namba ya gari, katikati ya taa mbili za nyuma, si chuma. Ni plastiki iliyovishwa shaba, kisha nikeli, halafu kromu nyembamba kabisa juu yake. Sisi wa Kigamboni, Dar es Salaam, tunaovuka na pantoni kila asubuhi tunaijua chumvi: inapenya kwenye mkwaruzo mdogo tu, vinaanza vidoadoa, yanafuata malengelenge, mwishowe kromu inabanduka vipande vyenye ncha zinazokata vidole vya muosha magari. Kifaa kipya kipo kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, ila ukitajiwa bei unaweza ukaamua kuendelea na kibovu chako. Mimi naipaka nyeusi. Kwenye gari nyeupe au ya fedha inapendeza kuliko hata kromu yenyewe. Kwenye gari nyeusi sishauri, nyuma yote inakuwa giza tupu.

Tuelewane kwanza: tunapaka kromu, taa hatuigusi. Vijana wanaopuliza weusi juu ya kioo chekundu ili gari ionekane kali wanaupunguza mwanga wa breki, na wa kwanza kuumia ni bodaboda aliye nyuma yako saa moja jioni mvua ikinyesha. Trafiki akikusimamisha kwa hilo, huna la kujitetea.

Dukani nachukua msasa wa maji namba 240, 400 na 800, praima ya plastiki (rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine), rangi nyeusi, klia (rangi angavu ya juu kabisa), tepu ya karatasi ya mafundi rangi na spiriti. Makopo ya kupuliza ya mililita 400 yanatosha, moja la kila aina, na yatabaki. Muuzaji atakwambia, "Kaka, praima ya nini? Hii nyeusi inashika popote." Mwitikie kwa adabu, kisha lipia praima yako. Kromu imelainika mno, rangi haina pa kung'ang'ania. Mashine ya presha itaimenya siku ya kwanza tu ukienda kuosha.

Fungua kifaa kitoke kwenye gari. Ndani ya buti vuta zulia la mlango, utaona nati. Kwa Toyota nyingi boksi spana namba 10 inamaliza kazi. Chomoa soketi za taa za namba, na za swichi ya buti kama imo humohumo. Kuna klipu za plastiki zimeshika pembeni, na kwenye gari la miaka mingi zinakatika zikiguswa, kwa hiyo nunua chache za akiba kabla hujaanza. Sponji au mpira ulio nyuma ya utepe usiuchane. Huo ndio unaozuia maji kuingia kwenye buti. Herufi za jina la gari zinatoka kwa mshipi wa kuvulia samaki: zimwagie maji ya uvuguvugu, pitisha mshipi nyuma yake, uvute huku na huku kama unakata sabuni ya mche.

Sasa kwenye msasa, na hapa ndipo kazi ilipo. Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, futa kwa spiriti. Kila kromu iliyoinuka itoe kwa wembe mpaka ufike inaposhika kweli. Ukipaka juu ya iliyoinuka, itaendelea kuinuka ikiwa imebeba rangi yako. Chukua 240 yenye maji, usugue ule ukingo ulio kati ya kromu na plastiki tupu. Fumba macho, pitisha ukucha: ukucha ukikwama hata kidogo, endelea, kwa sababu rangi haifichi ngazi, inaitangaza. Ukiona wekundu wa shaba usishtuke, umepita tabaka mbili tu za juu. Ukishalainika, sugua uso wote kwa 400 mpaka usiweze tena kujiona, hasa kwenye kona na mifereji ambako watu hupitisha mkono kwa kuibia. Rangi huanza kubanduka huko huko.

Muda wa kupuliza ninaoupenda ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Umande umeshakauka, na upepo wa baharini unaoleta mchanga bado haujapata nguvu. Kaa kivulini. Juani rangi inakauka kabla haijatulia na inatua na uso wa ganda la chungwa. Siku ya mvua za masika acha kabisa, unyevu unaiwekea klia ukungu mweupe.

Tikisa kopo mpaka usikie gololi inacheza, kisha endelea dakika mbili zaidi. Shika umbali wa shibri moja hivi, anza kupuliza nje ya kifaa, pita juu yake bila kusimama, achia upande wa pili. Praima mikono miwili, yaani tabaka mbili, myembamba, dakika kumi hadi kumi na tano katikati. Ikikauka vizuri, ilainishe kwa 800 na ufute vumbi. Nyeusi inakwenda mikono mitatu. Wa kwanza uwe mwepesi kiasi kwamba praima bado inaonekana. Anayetaka kumaliza kwa mkono mmoja ataona michirizi ikitiririka.

Klia mikono miwili inatosha. Chukua ya kopo la kawaida. Ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ni ngumu zaidi, lakini mvuke wake una isosayaneti, sumu ya mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Waachie wenye vifaa. Hata hii ya kawaida, pulizia nje, watoto wawe mbali.

Magari mengine yana mstari mwembamba wa kromu ulioungana na taa yenyewe, hautoki. Hapo ziba kioo chote kwa tepu na gazeti mikunjo miwili, na ukandamize ukingo wa tepu kwa ukucha ndani ya mfereji. Thina na petroli zisikaribie: kioo cha taa ni plastiki, zinakipasua nyufa nyembamba zisizofutika. Kisafishe kwa maji ya sabuni tu. Tepu ivue mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi kidogo, uivute kwa kuikunja kurudi nyuma. Ukingoja ikauke, itaondoka na ukingo wa rangi.

Kifaa kilale siku nzima kabla ya kukirudisha. Nati kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi, plastiki inapasuka. Funga buti, mwaga ndoo ya maji juu yake, fungua upapase zulia. Washa taa uone namba inasomeka. Muosha magari mwambie presha isikaribie huko wiki nzima, atumie sponji na sabuni, na waksi isubiri mwezi.