Namna ya Kuendesha Mradi wa Programu kwa Mbinu ya Maporomoko

Mbinu ya maporomoko hupanga kazi ya kutengeneza programu katika hatua zinazofuatana: mahitaji, usanifu, uandishi wa msimbo (yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata), majaribio, usimikaji (kuuweka mfumo mahali utakapotumika) na matengenezo. Hatua moja haianzi kabla ile iliyotangulia haijakamilika na kuidhinishwa. Mbinu hii inafaa pale ambapo mahitaji yanajulikana mapema na hayatarajiwi kubadilika sana, kwa mfano mfumo unaotekeleza kanuni zilizokwisha kuandikwa, au unaoendesha mtambo ambao vipimo vyake vimeshaamuliwa. Ikiwa mteja wako bado anatafuta anachokitaka, usiitumie, kwa maana utakuwa unamlazimisha aidhinishe jambo asilolijua.

Anza kwa kuandika hati ya mahitaji, na uipe muda wa kutosha, kwa sababu kila kitakachofuata kitasimama juu yake. Kila hitaji lipewe namba yake, lieleze jambo moja tu, na liandikwe kwa namna ambayo mjaribu ataweza kusema bila kusita kwamba limetimizwa au halikutimizwa. "Mfumo uwe wa haraka" si hitaji, bali ni tamanio. "Jina la msomaji litokee kwenye skrini ndani ya sekunde 2 baada ya namba ya kadi yake kuingizwa, hata kama watumiaji 50 wanautumia mfumo kwa wakati mmoja" ni hitaji, kwa kuwa linapimika.

Tuchukue mfumo wa kuazimisha vitabu vya maktaba. Mteja anasema kwamba msomaji akichelewesha kitabu atozwe faini kwa kila siku. Sentensi hiyo inaonekana imekamilika, lakini ichunguze. Je, siku ambazo maktaba imefungwa zinahesabiwa? Faini ina kikomo? Nani ana mamlaka ya kuisamehe, na msamaha huo utunzwe wapi? Maswali hayo yakiulizwa sasa, yatamalizwa kwa mazungumzo ya asubuhi moja. Yakiibuka wakati wa majaribio, ikagundulika kwamba kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, haina hata jedwali la siku za kufungwa, msanifu atarudi kwenye michoro yake, hesabu za faini zitaandikwa upya, ripoti zitabadilishwa, na majaribio yaliyokwisha kufaulu yatarudiwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mteja aipitie hati pamoja nawe mstari kwa mstari kabla ya kutia saini, kwani saini ya mtu ambaye hakusoma haimlindi yeye wala wewe.

Katika usanifu, amua sehemu kuu za mfumo, namna zinavyowasiliana, muundo wa kanzidata na sura ya kila skrini, kisha uandike maamuzi hayo kwa ukamilifu kiasi kwamba mtu ambaye hakuwapo kikaoni anaweza kuyafuata. Hapa yafaa kumkumbuka Winston Royce, mtaalamu wa programu wa Marekani, ambaye makala yake ya mwaka 1970 ndiyo inayotajwa zaidi kuwa chimbuko la mbinu hii, ingawa yeye mwenyewe hakuiita maporomoko. Alionya kwamba kuzifuata hatua hizi bila nyongeza yoyote ni hatari, kwa sababu majaribio huja mwishoni, na kasoro kubwa ikionekana huko huweza kuurudisha mradi hadi kwenye mahitaji. Kwa programu ya aina mpya, alishauri kutengeneza kwanza toleo dogo la majaribio kabla ya lile litakalokabidhiwa. Ushauri huo ufuate angalau kwa ile sehemu unayoiogopa zaidi.

Uandishi wa msimbo, ukitanguliwa na usanifu mzuri, hauhitaji maelezo mengi: kila mwandishi afuate hati, na akikuta pengo aulize badala ya kulijaza kwa kubuni.

Majaribio yafanyike baada ya msimbo, lakini mpango wake uandikwe mapema, mara tu mahitaji yanapoidhinishwa. Tengeneza jedwali linalounganisha kila namba ya hitaji na sehemu ya usanifu inayolitekeleza pamoja na jaribio linalolithibitisha. Hitaji lisilo na jaribio likionekana katika jedwali hilo, jua kwamba hakuna atakayeweza kuthibitisha kuwa limetekelezwa.

Mabadiliko yatakuja hata hivyo. Yasipokelewe kwa mdomo wala kwa ujumbe wa simu, bali kwa ombi la maandishi linaloeleza kinachobadilika, hati zitakazoguswa na muda utakaoongezeka, na mteja aliidhinishe kabla ya mtu yeyote kugusa msimbo. Ombi likikubaliwa, rekebisha kwanza hati ya mahitaji na kuipa namba mpya ya toleo, kisha usanifu, kisha msimbo, kisha jaribio husika. Utaratibu huohuo uendelee baada ya usimikaji, na hati zote zikabidhiwe kwa watakaoutunza mfumo zikiwa zinalingana na programu inayofanya kazi siku hiyo.