Nukta za GPS hazikai kwenye ramani ya zamani? Fanya hivi kwenye QGIS (programu ya ramani ya kompyuta)

Wakuu, kama umeskani shiti ya ramani ya 1:50,000 ya Tanzania, ukaweka nukta za GPS juu yake zikashuka kusini kama mita 300, usimlaumu aliyeenda fildi na usizisogeze kwa mkono. Visima vya kijiji kimoja cha Morogoro vilinila siku mbili natafuta kosa kwenye simu, kumbe simu ilikuwa sahihi muda wote. Shiti zile zimechorwa kwa datamu (msingi wa kupimia kodineti) ya Arc 1960, GPS inasoma datamu nyingine, WGS84, kwahiyo namba zilezile zinakupeleka sehemu mbili tofauti.

1. Skani kwa dpi 300, karatasi inyooke. Pikseli moja inakuwa kama mita 4, inatosha.

2. Jua zoni yako ya UTM (gridi ya mita inayogawa dunia kwa vipande vya digrii 6 za longitudo). Dar, Moro na Arusha ni 37, Mwanza 36, Kigoma 35. Mji wa Dodoma ndo unachanganya wengi, uko magharibi kidogo ya longitudo 36 kwahiyo ni zoni 36.

3. Fungua Georeferencer (sehemu ya QGIS ya kufunga picha kwenye kodineti), bonyeza pale mistari ya gridi inapokatana, andika kodineti zake. Namba nyingi za pembeni zimefupishwa, tafuta ile kamili ya konani ujaze mita zote. Polynomial 1 (njia ya kulaza picha kwenye kodineti) inataka nukta 3 tu ila weka hata 9, zisambae kona zote na katikati, maana zikirundikana upande mmoja upande wa pili unavutika.

4. Hapa ndo penyewe. CRS ya ramani (mfumo wake wa kodineti, hutajwa kwa namba ya EPSG) weka EPSG:21037 kwa zoni 37, zoni 36 ni 21036. Wengi wanaweka 32737 kwasababu ndo waliyoizoea, hiyo ni WGS84 na ndo inayozaa zile mita 300. Makosa ya nukta inayokuonyesha Georeferencer yakiwa chini ya pikseli 6 endelea, hiyo ni nusu milimita kwenye karatasi.

5. Ingiza GPX (faili la nukta za GPS), iache na EPSG:4326 yake, yaani WGS84 ya digrii. QGIS ikiuliza njia ya kubadili datamu chagua ya Tanzania. Tafadhali usiguse Set Layer CRS, ile inabadili jina tu namba zinabaki vilevile, ukitaka kuhamisha kweli tumia Reproject Layer.

6. Weka OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) chini yake ulinganishe. Usipime kwa mto, mito inahama, tafuta daraja la reli ya zamani ya kati uone kama linalaliana.