Kituo cha afya kinahitaji wakunga wangapi? Namna ya kupiga hesabu ya ikama

Maombi mengi ya watumishi huandikwa hivi: "Ikama inataka saba, waliopo ni wanne, tunaomba watatu." Ikama ni idadi ya watumishi ambao kituo kinatakiwa kuwa nao. Afisa utumishi wa halmashauri hupokea barua za namna hiyo kutoka kila kona, na hana njia ya kujua kituo kipi kimeelemewa na kipi kina nafuu. Njia ya WISN (viashiria vya wingi wa kazi vya kupima mahitaji ya watumishi), iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani na ambayo Tanzania imeitumia katika sekta ya afya, huanzia kwenye kazi yenyewe. Tuchukue wakunga wa kituo cha afya kimoja. Tarakimu ni za mfano, ninyi wekeni zenu.

Saa za mkunga mmoja kwa mwaka

Wiki 52 za siku 5 ni siku 260. Toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, tuseme 13. Toa likizo ya mwaka: siku 28 za kalenda, ambazo ni 20 za kazi. Toa ugonjwa 7 na semina 10, na hizi zisibuniwe. Zitoke kwenye daftari la mahudhurio la miaka mitatu.

Likizo ya uzazi ndiyo husahaulika, eti kwa kuwa haiji kila mwaka. Ni siku 84, yaani 60 za kazi. Kama wakunga wanne wamechukua likizo mbili ndani ya miaka mitatu, hizo ni siku 120 zilizogawanywa kwa 12: siku 10 kwa kila mmoja kwa mwaka. Zitoe nazo. Zinabaki siku 200, na kwa saa 8 kwa siku ni saa 1,600.

Muda wa kila kazi

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia. Msimpe mganga mfawidhi akisie peke yake, wala msisimame na saa mkononi kumpima mkunga aliyezidiwa. Akiwa na foleni ya wajawazito 60, kila mmoja atapata dakika 7; mkiandika 7, mmeihalalisha huduma mbovu na hesabu itawaambia watumishi wanatosha. Waketi wakunga watano au sita wazoefu, wakubaliane: kazi hii ikifanywa ipasavyo, kwa vifaa tulivyo navyo, inachukua muda gani?

Tuseme wameafikiana dakika 20 kwa hudhurio la kliniki ya wajawazito, saa 6 kwa kujifungua kwa kawaida, na saa moja na nusu kwa siku moja ya mama aliyelazwa wodini. Saa 6 hizo si muda wote wa uchungu. Ni muda ambao mkunga yuko na mama hasa: kujaza patografu (chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu), kuzalisha, kumhudumia mtoto, na uangalizi wa mwanzo baada ya kujifungua.

Sasa fungueni rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za Januari hadi Desemba. Mahudhurio 6,200 ni saa 2,067, ambazo kwa 1,600 ni wakunga 1.29. Waliojifungua 900 ni saa 5,400, wakunga 3.38. Siku za wodini 1,500 ni saa 2,250, wakunga 1.41. Jumla 6.08.

Kabla ya kuamini rejista ya leba, ilinganisheni na ya kliniki. Kama wajawazito wapya ni 1,400 na waliojifungua ni 900, tafuteni wale 500 walikwenda wapi. Mara nyingi wamekimbilia kwingine, au wamejifungulia nyumbani, kwa sababu usiku hakuna mkunga. Upungufu wenyewe hupunguza kazi iliyoandikwa, na mkitumia namba hiyo peke yake mtaonekana mnatosha.

Kazi zisizo na mgonjwa

Kukabidhiana zamu dakika 30 kwa siku ni asilimia 6.25 ya muda. Kujaza rejista na ripoti dakika 30, asilimia 6.25. Kikao cha saa 2 kila mwezi, asilimia 1.5. Jumla ni 14, hivyo inabaki asilimia 86 ya muda kwa wagonjwa: gawanya 6.08 kwa 0.86 upate 7.07. Msimamizi wa wodi ana saa 8 kila wiki za kuagiza dawa na kupanga zamu. Kwa wiki 40 alizopo kazini ni saa 320, sawa na 0.20. Jumla kuu 7.27.

Ikamilishe kuwa 7, kwa kuwa mtumishi mmoja anaweza kubeba nyongeza ya sehemu moja ya kumi. Saba hubeba hadi 7.7. Ingekuwa 7.8, andika 8.

Ipime namba hiyo kwa usiku

Nafasi moja ya kazi saa 24, siku 365, ni saa 8,760: karibu watu watano na nusu. Wanne waliopo wana saa 6,400, kwa hiyo hawawezi kujaza hata nafasi moja bila kukopa mapumziko yao. Wakiwa saba, kuna mmoja kila saa, na wa pili asubuhi za Jumatatu hadi Ijumaa. Saa tisa usiku mama wawili wakisukuma pamoja, mkunga ni mmoja. Kuwa na wawili muda wote kunataka 11. Wekeni namba zote mbili kwenye maombi na mseme wazi ipi ni ya wingi wa kazi, ipi ya usalama wa zamu.

Miaka mitatu mbele

Sensa ya 2022 ilionyesha ongezeko la watu la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu kazi hukua kwa karibu asilimia 10, na hesabu inafika 7.97, yaani wakunga 8. Mkifungua chumba cha upasuaji msitumie asilimia hiyo. Rufaa za zahanati zitaruka ghafla.

Kisha tazameni tarehe za kuzaliwa. Aliyezaliwa 1968 anafikisha miaka 60 mwaka 2028. Akiondoka wanabaki watatu, na pengo ni watano, si watatu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo anayestaafu Agosti aingie kwenye makadirio yanayoandaliwa kabla ya hapo, na kibali cha ajira mbadala kiombwe mapema, kabla hajaagwa.

Aliye masomoni yupo kwenye orodha ya mishahara lakini hayupo wodini, msimhesabu. Na mkunga anayegawa dawa kwa kuwa hakuna mfamasia, saa hizo ziandikeni kando, la sivyo mtaomba mkunga kuziba pengo la duka la dawa.

Halmashauri ikipata watumishi wachache wa kugawa, ilinganishe uwiano. Kituo chenye 4 kati ya 7 kina 0.57, hospitali yenye 17 kati ya 20 ina 0.85. Wote wamepungukiwa watatu, lakini kituo ndicho kipewe kwanza.