Mtoto Anapoletwa Dharura na Maumivu: Ninavyopima na Ninavyotibu

Ninamwandikia muuguzi au tabibu aliyepangwa chumba cha dharura kwa mara ya kwanza, kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako saa nane usiku hakuna bingwa wa watoto wa kumpigia simu. Mimi ni muuguzi wa dharura katika hospitali ya mkoa huku Kanda ya Ziwa. Wazazi wananiita dokta, kuwasahihisha nimeshachoka.

Kinachowaumiza watoto wengi si uhaba wa dawa. Ni kwamba maumivu yao hayaandikwi. Joto linaandikwa, mapigo yanaandikwa, uzito pia siku mizani ikiwa na betri. Maumivu tunayapima kwa masikio yetu: anayepiga kelele anapata dawa, aliyenyamaza anasubiri foleni. Wakati huohuo mtoto aliyevunjika paja, akaletwa kwa bodaboda kwenye barabara ya vumbi, mara nyingi ananyamaza kimya, maana akijitikisa kidogo tu mfupa unacheza. Basi namba ya maumivu iandikwe kwenye faili, mstari uleule wa joto na mapigo, pamoja na saa uliyoipima.

Kwa mtoto asiyeweza kujieleza natumia kipimo cha FLACC, kinachofaa kuanzia miezi 2 hadi miaka 7. Unaangalia vitu vitano, kila kimoja kina 0, 1 au 2, na jumla yake haizidi 10. Uso: uliotulia ni 0, anayeukunja mara mojamoja ni 1, anayeukunja muda wote, kidevu kinatetemeka na taya zimekaza, ni 2. Miguu: iliyolegea 0, isiyotulia 1, inayorusha mateke au kukunjwa tumboni 2. Mwili: ametulia 0, anajinyonganyonga 1, amekakamaa au amejipinda mgongo 2. Kilio: hakuna 0, anaguna au kulalama 1, analia mfululizo 2. Cha tano ni kubembelezeka, na hapa msaidizi wako ni mama. Mtoto aliyetulia tu ni 0, anayetulia akibebwa na kubembelezwa ni 1, anayekataa hata ziwa ni 2.

Mtazame dakika moja au mbili ukiwa mbali kidogo, kabla hujamgusa, maana koti jeupe peke yake linaliza. Kipimo hiki hakitofautishi vizuri maumivu na njaa au hofu. Ukiwa na wasiwasi, mwambie mama amnyonyeshe kisha upime tena. Lakini jeraha likiwa wazi mbele ya macho yako, usibishane na namba. Mpe dawa.

Kuanzia miaka 4 hivi mtoto anaweza kuonyesha uso kwenye karatasi ya nyuso sita. Ziko za aina mbili. Ile inayoanza na uso unaotabasamu na kuishia na machozi inawachanganya watoto: mwenye huzuni kwa sababu baba kaachwa nje atachagua machozi, na mvulana aliyeambiwa kwamba mwanaume halii hayagusi kabisa. Mimi napendelea ile isiyo na tabasamu wala machozi. Usimuulize anajisikiaje, mwambie, "Nionyeshe uso wa mtu anayeumia kama unavyoumia wewe." Kuanzia miaka 8 wengi wanaweza kutaja namba 0 hadi 10.

Jambo moja ambalo vitabu hupita juujuu: mtoto mkubwa hudanganya kwa kuogopa sindano. Atasema "siumwi" huku ameushika mkono uliovunjika. Mwambie mapema kwamba dawa ya kwanza ni ya kunywa, halafu muulize tena. Namba itabadilika.

Kabla ya dawa, uzito. Asiyeweza kusimama apimwe na mama, kisha umpime mama peke yake utoe. Kama haiwezekani, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 chukua umri, ongeza 4, zidisha kwa 2. Aliyekonda utamzidishia kwa hesabu hiyo, kwa hiyo macho yako pia yapime. Muulize mama amempa nini nyumbani na saa ngapi, tena bila ukali. Ukimfokea kwa ajili ya dawa ya mitishamba, hatakutajia na ile panado aliyompa mara tatu.

Maumivu madogo, namba 1 hadi 3: parasetamo miligramu 15 kwa kilo, kila saa 6. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Kwa sirapu ya miligramu 120 kwenye mililita 5, hizo ni mililita 7.5. Ya kati, 4 hadi 6: ongeza ibuprofeni miligramu 10 kwa kilo, kila saa 8, ila si kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, aliyeishiwa maji, anayetoka damu au mwenye tatizo la figo. Mtoto yuleyule wa kilo 12 ni mililita 6 za sirapu ya miligramu 100 kwa mililita 5. Hizi mbili zinapewa pamoja, hazigombani.

Kodeini na tramado usimpe aliye chini ya miaka 12. Ini hugeuza kodeini kuwa mofini, na watu wengine huigeuza haraka mno hadi mtoto anaacha kupumua. Wengine hawaigeuzi kabisa, anabaki na maumivu yake. Shirika la Afya Duniani liliiondoa kwenye ngazi ya dawa za maumivu ya watoto mwaka 2012, na mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza mwaka 2017 kwamba zote mbili zisitumike kwa umri huo. Aspirini nayo iache. Na ile sindano ya diklofenaki ya matakoni, tuliyoizoea kama salamu, inamfundisha mtoto kuficha maumivu safari ijayo.

Namba 7 kwenda juu ni mofini, bila kuzunguka. Kwa aliyezidi mwaka mmoja, ya kunywa ni miligramu 0.2 kwa kilo. Ya mshipani ni 0.1 kwa kilo, polepole kwa dakika 5. Soma chupa kwanza, kwa sababu kuna za miligramu 10 na za 15. Ile ya 10 ichanganye ifike mililita 10, hapo kila mililita ni miligramu moja, na mtoto wa kilo 12 anapata mililita 1.2. Mfuko wa kupulizia hewa na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, viwe mezani, kipimo cha oksijeni kidoleni. Aliye chini ya mwaka mmoja anahitaji dozi ndogo zaidi, mwite daktari. Na ukipokea zamu, swali la kwanza liwe: ufunguo wa kabati la mofini anao nani? Nimeona mtoto akisubiri mofini iliyokuwepo, kwa sababu ufunguo ulikuwa kantini na inchaji.

Kama mshipa haupatikani na mfupa umevunjika, ketamini, ile dawa ya usingizi, ikitiwa puani inasaidia sana: miligramu 1 kwa kilo, igawe pua zote mbili. Ipo karibu kila hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kisha funga banzi. Banzi lililofungwa vizuri ni dawa ya maumivu, hata kabla ya picha.

Mtoto aliyeungua kwa chai, uji au maji ya maharage: maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, ndani ya saa 3 za mwanzo, bila barafu, na mwili uliobaki ufunikwe asipate baridi. Dawa ya meno na unga vioshwe taratibu, na asibanduliwe ngozi wala kubadilishiwa bandeji kabla mofini haijafanya kazi. Amwagiwe maji akiwa mapajani kwa mama. Kumbana kitandani na watu wanne ni kumwongezea jeraha.

Mwenye sikoseli msimpime kwa sura. Hawa wamezoea. Kijana anaweza kuwa anacheza gemu kwenye simu na maumivu yake ni 9. Akisema 9, ni 9. Dawa iingie ndani ya saa moja tangu afike, na apimwe tena kila nusu saa hadi saa moja. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili tafuta vidole vya mikono na miguu vilivyovimba. Akiwa na homa, au kifua kinambana na anapumua kwa shida, usiishie kwenye mofini, daktari aje.

Tumbo nalo: lile agizo la kizamani kwamba usimpe dawa kabla daktari wa upasuaji hajamwona, utaficha ugonjwa, tafiti zimelipinga. Mpe, kisha mwite.

Dawa ikishaingia, rudi. Mofini ya mshipani baada ya dakika 10, ya kunywa baada ya saa moja. Pima kwa kipimo kilekile, andika namba mpya na saa. Ikiwa haijashuka, nusu ya dozi ya mshipani inaweza kurudiwa kwa amri ya daktari. Ikiwa mtoto amelala fofofo na haamki akiitwa, hesabu pumzi.

Anaporuhusiwa, usimwambie mama "kijiko kimoja kutwa mara nne", kwani vijiko havilingani. Mpe bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, chora mstari kwa kalamu, na umwandikie saa: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku, saa 8 usiku. Hiyo ya saa 8 usiku isisitize kwa siku mbili za mwanzo. Kama amefungwa plasta ngumu ya mfupa, mwonyeshe vidole. Vikiwa vya baridi, vimevimba au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi baada ya dawa, arudi usiku huohuo, asingoje tarehe ya kliniki.