Gari inalia ukibadilisha gia? Jaribu haya kabla hujakubali giaboksi ishushwe

Mimi naendesha Probox ya gia za mkono, kazi yake ni kutoa samaki Ngomeni asubuhi kuleta sokoni Malindi mjini, kwa hivo gia nazibadilisha kutwa. Mwaka juzi ikaanza kugonga kila nikitoka gia ya wani (ya kwanza) kuingia tuu (ya pili), tak, kama mtu yuko chini ya kiti na nyundo. Nikaipeleka gereji moja, fundi akazunguka nayo kidogo tu akarudi akaniambia giaboksi imekufa hiyo, ishushwe, na bei aliyotaja ilikua ya kunifanya niuze mbuzi wote wa nyumbani. Nkaomba muda. Kumbe ni mauntingi ya nyuma, kile kishikio cha injini chenye mpira, ilikua imekatika mpira, ikafungwa nyingine siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri na mpaka leo giaboksi ni ile ile. Toka siku hiyo gari yangu haiguswi kama sijaisikiliza mwenyewe kwanza, na nataka na wewe ujue kuisikiliza yako.

Jambo kubwa hapa sio mlio unasema nini, ni unakuja wakati gani. Umekanyaga klachi au umeachia? Gari imesimama au inatembea? Gia zote au moja tu? Ukiyajua hayo matatu nusu ya kazi umemaliza.

Amka mapema, baada tu ya swala ya alfajiri, kabla tuktuk na boda hazijaanza makelele yao. Toa jeki, spana na kila kitu kinachochezacheza kwenye buti, manake wengi wamehangaika na mlio kumbe ni jeki haijafungwa vizuri. Zima redio, zima feni, shusha vioo. Kama kuna mahali pana ukuta mrefu pita polepole kando yake, ukuta unakurudishia sauti sikioni vizuri kuliko ukiwa uwanja wazi.

Sasa washa injini gari ikiwa imesimama, gia fri, handibreki juu, mguu usiwe kwenye klachi. Sikiliza. Halafu kanyaga klachi polepole mpaka chini. Kama kulikua na mvumo na ukikanyaga unapotea, hiyo ni beringi ya giaboksi, ile ya shafti inayopokea nguvu kutoka kwa injini, kwa sababu ukikanyaga klachi ile shafti inasimama. Ikiwa ni kinyume, yaani kimya ukiachia lakini ukikanyaga kinaanza kitu kama panzi au chuma kikavu kinasagana, shuku rilisi beringi, ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi. Yenyewe inauzwa bei nafuu lakini kuifikia lazima giaboksi ishuke, kwa hivo ukifika huko badilisha na klachi pleti na presha pleti pamoja kama zimeshalika, usilipe kazi ya kushusha mara mbili.

Ule mlio wa krrr gia ikikataa kuingia ndio watu wengi wanaulizia na ndio unaochanganya. Fanya hivi: zima injini kabisa, kanyaga klachi, pitisha gia zote mpaka rivasi. Kama zinaingia laini injini ikiwa imezimwa, lakini ukiwasha zinakua ngumu na zinasaga, na ni zote, basi giaboksi yako haina makosa, ni klachi haiachii sawasawa. Angalia fludi ya klachi kwenye kikopo chake. Inua kapeti pale kwenye pedali uguse na kidole, ukikuta majimaji, masta silinda (ile inayosukuma fludi ukikanyaga pedali) inavuja, halafu chungulia ile silinda ya chini kwenye giaboksi kama nayo imelowa. Ukipampu pedali mara tatu nne haraka haraka na gia ikaingia vizuri, kuna hewa kwenye paipu au silinda imechoka. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, mmoja anakanyaga mwengine anafungua nipo, kile kinati cha kutolea hewa, na utumie fludi ya breki mpya ya kopo lililofungwa, kwa sababu ile fludi inanyonya unyevu na hewa ya pwani unaijua ilivo. Gari ambayo klachi yake inavutwa na kebo badala ya fludi unaikaza kebo tu, lakini ucheki kebo isiwe imeanza kukatika nyuzi.

Lakini ikisaga gia moja tu, tuseme tuu au tatu peke yake na nyengine ziko sawa, hapo ni ringi za sinkro za gia hiyo, zile zinazolinganisha mwendo ili gia iingie laini, zimelika. Hiyo kweli ni kazi ya ndani. Kabla hujafika huko kagua oili ya giaboksi, inaweza kua imepungua au aliyekubadilishia aliweka isiyofaa, kuna oili za difu (zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zenye dawa kali ambazo haziwiani na ringi za shaba, soma kitabu cha gari kinataka ipi. Rivasi nayo magari mengi haina sinkro, kwa hivo ikikwaruza usiogope, kanyaga klachi, hesabu tatu, ndo uingize.

Mlio wa kugonga mara moja, kama wangu, mara nyingi hata hauko ndani ya giaboksi. Fungua boneti, mwenzako aketi ndani akanyage breki kwa nguvu na handibreki juu, halafu aachie klachi kidoogo kwenye wani kisha kwenye rivasi, wewe simama ubavuni na USISIMAME mbele ya gari hata kama mnaaminiana vipi. Injini ikiruka juu kama inataka kutoka, ni mauntingi. Gari ambazo injini inazungusha magurudumu ya nyuma, kama Hiace au Land Rover za kwenda Tsavo, shika propela, ile shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu nyuma, kwa mkono injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, izungushe huku na huku, krosi, ile jointi ya propela, ikiwa na mchezo utauona. Na tafadhali usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, mchanga wetu huu jeki inazama, weka ubao mpana chini yake na stendi za kubebea.

Kuna pia ule mtetemo wa bati, chrrr, unaokuja kila injini ikitikisika ukibadilisha gia. Chumvi ya bahari inakula vile vibati vya kukinga joto la ekzosi. Injini ikiwa baridi vigonge kwa ngumi, vitajitaja vyenyewe.

Mvumo wa vuuu ukiwa safarini uupime barabara iliyonyooka, mimi napimia nikishavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui. Ukibadilisha gia mvumo ukabaki vile vile na unafuata spidi tu, angalia beringi za magurudumu au difu. Ukiwa gia moja tu, ni meno ya gia hiyo au beringi yake.

Wenye otomatiki, kishindo cha kutoka P kwenda R mkiwa mlimani kinatokana na gari kuegemea ule ulimi wa P unaoizuia ikiwa imepaki; ukipaki, shika breki, weka fri (N), vuta handibreki, achia breki ya mguu gari itulie, ndo uweke P. Kama inagonga hata sehemu tambarare angalia mauntingi, kisha oili: ikiwa ya kahawia iliyokolea na inanuka kuungua usikae nayo. Gari ndogo nyingi za Japani ni CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kupanda moja moja, na oili yake ni tofauti, ukimwagia ile nyekundu ya kawaida unaiharibu.

Na kama ulipita kwenye maji, mfano wale waliovuka barabara ya Garsen kwenda Lamu ilipofurika mvua za mwisho wa 2023, fungua nati ya chini ya giaboksi hata kama hujasikia kitu. Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, imwage yote, tia mpya, tembea siku chache uimwage tena. Nati yenyewe mara nyingi ina sumaku, uji mweusi laini juu yake ni kawaida, lakini ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole usiendeshe tena. Vifunge kwenye karatasi umpelekee fundi pamoja na sauti uliyorekodi kwenye simu, umwambie hivi: inalia nikikanyaga klachi, gari imesimama, gia zote.