Kutenganisha nyota pacha ukiwa Mwanza
Ukitaka kuitenganisha Rijili Kantori, nyota pacha ambayo jua zake mbili huzungukana kwa takriban miaka 80, usisimike darubini juu ya majabali yetu wala karibu na mapaa ya bati, kwa sababu mawe yaliyochomwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto usiku, na hewa inayopanda hapo huifanya nyota itetemeke kama karabai ya wavuvi wa dagaa majini. Chagua nyasi. Iache darubini nje nusu saa ipoe, kisha katikati ya Juni, mnamo saa nne usiku, ielekeze kusini, ukuze mara 100 na usubiri: hewa ikitulia hata sekunde mbili, utaona vitone viwili, kimoja cha manjano, kingine hafifu zaidi chenye rangi ya chungwa, na uzi mwembamba wa giza katikati yao.