Mazao ya kufunika tuta wakati wa baridi: chagua kwa kuangalia utakachopanda baadaye

Usinunue mbegu kwanza. Pita kila tuta ujiulize: majira ya kuchipua yakifika, hapa patapandwa nini, na lini?

1. Tuta la mboga za mapema (karoti, saladi, spinachi). Mwaga oti (nafaka), gramu 10 hadi 15 kwa mita ya mraba, wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi kali. Oti hufa baridi ikifika kama nyuzi 8 hadi 10 chini ya sifuri, na majani hulala yakawa matandazo. Penye baridi ndogo haifi, itabidi uikate.

2. Tuta la nyanya au maboga. Lina muda, kwa hiyo lipe vechi (mmea wa jamii ya kunde) gramu 3 pamoja na rai (nafaka inayofanana na ngano) gramu 5, kwa mita ya mraba. Vechi hutambaa na rai huishikilia. Paka mbegu za vechi bakteria wa rizobia (wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mmea nitrojeni, yaani chakula chake) wa kundi la njegere na vechi. Wale wa klova (mmea mwingine wa jamii ya kunde) hawafanyi kazi hapa. Vechi ikishakua, ng'oa mche mmoja, osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa na wekundu, nitrojeni inatengenezwa; pakiwa peupe au kijivu, hakuna kitu.

3. Umechelewa? Rai peke yake, gramu 12. Huota hata kwenye udongo wa baridi.

Haradali na figili hufunika haraka, ila ni jamii moja na kabichi. Penye ugonjwa wa kuvimba mizizi ya kabichi, ziache kabisa.

4. Kupanda. Fukia kwa reki sentimita 2 hadi 3, kisha shindilia. Mbegu iliyobaki juu huliwa na ndege.

5. Kukata, na hapa ndipo wengi huharibu. Rai changa ukiikata tu huchipua tena, kwa hiyo ikiwa na sentimita 20 hadi 30 ilimie chini kabisa, usubiri wiki 2 au 3. Ukiiacha ikakomaa na kuwa mabua ndipo uifukie, vijidudu vinavyoiozesha huchukua nitrojeni ya udongo na miche yako hugeuka njano. Tena masalia yake huzuia mbegu ndogondogo kuota, ndiyo maana haikuwekwa kwenye tuta la karoti. Vechi yenyewe ikate shinani ikishachanua; maganda yakikomaa, utaing'oa kama magugu miaka inayofuata.